Samaki wa Boya la Nje

Sauti ya Verna Tolonen ilikuwa nzito kidogo, sauti ya mtu aliyekwisha kunywa kahawa yake bila haraka, na watu wa pwani ile waliizoea kama walivyouzoea ukungu. Msimu wa samoni ukifika, ilitoka redioni kila alfajiri, kabla ya bei za mbao na matangazo ya mazishi. Alieleza upepo unavuma kutoka wapi, mawimbi yana urefu gani, na hali ikoje kwenye fungu la mchanga lililoko mlangoni mwa mto. Mwisho kabisa alisema jambo lililowafanya wengi wawashe redio: samaki wako wapi.

Kazi hiyo aliirithi kwa mumewe, Arvo, ambaye moyo ulimsimama akiwa anashusha barafu nyuma ya duka lao. Duka lenyewe lilikuwa bandarini Port Ansel, ubavuni mwa mteremko wa kushushia mashua. Waliuza chambo, ndoana, mishipi, makoti ya mvua, kahawa na vibali vya kuvulia. Verna alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mpana wa mabega, nywele kazikata fupi, na nje ya redio hakuwa mtu wa maneno mengi.

Enzi za Arvo, habari za samaki hazikuhitaji ufundi wowote. Mwezi wa nane ukielekea kwisha, samoni walijazana nje ya mlango wa mto wakingoja mvua ya kwanza, ili mto upate maji na wao wapande juu kwenda kuzaa. Watu walivuka milima kutoka bara na mashua zao kwenye trela, gesti zikajaa, na moshi wa kukaushia samaki ukashinda hewani mpaka nguo zilizoanikwa zikanuka. Kisha mambo yakaanza kwenda kombo, polepole. Samaki walipungua ukubwa kwanza, halafu wakapungua idadi. Ikafika miaka ambayo mvua ilinyesha, mto ukajaa, na aliyepanda akawa wa kuhesabika. Kila mtu mjini alikuwa na mshitakiwa wake: wakata magogo walioviacha vijito bila kivuli, simba wa baharini, meli za nyavu, mabwawa, bahari iliyopata joto, au watu wa idara ya samaki na hesabu zao. Mabishano hayo yalimaliza kahawa nyingi na hayakuongeza samaki hata mmoja. Idara ikawa inaufupisha msimu mwaka hadi mwaka, hata ule wa kuvua kwa mshipi, wa starehe, ukabaki siku tatu tu, Ijumaa mpaka Jumapili, katika mwezi wa tisa.

Hapo ndipo Verna alipojifunza kutia chumvi. Hakuanza kwa kudanganya. Mashua moja ikirudi na samaki mmoja, alisema samaki wameanza kuonekana. Mtu akisimulia kwamba mshipi wake umeguswa, alisema wanagusa. Zote zikirudi mikono mitupu, alisema bahari imetulia na dalili ni nzuri. Hakuna neno lake hata moja ambalo mtu angeweza kulikamata na kusema hili ni la uongo. Lakini yeye alijua, na nahodha Ray Dufresne, aliyekuwa akiwatoa wageni kwenda kuvua kwa chombo chake kikubwa, alijua. Mji mzima ulijua. Wasiojua walikuwa wale waliotoka mbali.

Alhamisi, siku moja kabla ya msimu kufunguliwa, Curtis Bragg alimfuata dukani. Curtis ndiye aliyekuwa mwenye gesti na mwenye redio, mtu mnene mwenye tabasamu la kudumu, na siku hiyo tabasamu lilikuwa la kweli. Alisema vyumba vyote vimechukuliwa, hata kile chenye bomba bovu. Verna akamwambia kwamba Ray ametoka jana kuangalia, amezunguka kutwa nzima na hakuona kitu.

"Ray hata harusini huona msiba," Curtis alisema. "Sikwambii udanganye, Verna. Nakwambia usiwafukuze. Siku tatu tu. Wakiondoka kabla ya Jumapili, mimi na wewe tutauziana chambo wenyewe kwa wenyewe mpaka mwakani."

Verna alikuwa akipanga pakiti za chambo kwenye friza na aliendelea kuzipanga. Hakukataa, na Curtis alikuwa mtu anayejua kusoma kimya cha mtu.

Ijumaa bahari ilikuwa shwari na mashua zilitoka kwa msururu, taa zake zikipepesa ndani ya ukungu. Jioni zilirudi zote. Katika msururu ule wote alipatikana samoni mmoja, mdogo, aliyekatwa lile pezi dogo la mgongoni, alama ya wale wanaozalishwa kwenye mabwawa ya serikali na kuachiwa baharini. Watu wawili walifunga virago jioni ile ile. Wengine walikaa kwenye baraza la gesti wakinywa bia na kuulizana kama wakae au waondoke, na Curtis alipita katikati yao akiwaambia wasikose kumsikiliza Verna asubuhi.

Asubuhi ya Jumamosi Verna alikaa mbele ya kipaza sauti na kueleza hali kama ilivyokuwa. Maji yangejaa mpaka adhuhuri, yangesimama kidogo, kisha yangeanza kutoka. Upepo ungeamka mchana. Maji yanayotoka yakikutana na mawimbi ya upepo pale kwenye fungu, mlango wa mto ungechafuka vibaya, kwa hiyo wenye mashua ndogo wawe ndani mapema, maji yakiwa bado hayajageuka. Alisema hayo kwa uzito unaostahili. Kisha akafika penye samaki, na Curtis alikuwa upande wa pili wa kioo na kikombe chake mkononi.

"Samaki wako penye boya la nje," akasema. "Wanakula maji yakisimama. Mwenye subira atapata."

Maneno hayo yalikuwa ya Arvo. Aliyasema miaka mingi iliyopita, na wakati huo yalikuwa kweli.

Alirudi dukani, akafungua mlango, na wa kwanza kuingia walikuwa wanaume wawili asiowafahamu. Mmoja alikuwa mrefu, mwembamba, mikono ina weusi wa grisi usiotoka kwa sabuni. Jina lake lilikuwa Lyle Hostetter, fundi wa mabasi ya shule huko bara, ng'ambo ya milima, ambako mtu anaweza kuishi maisha yake yote bila kuona bahari. Mwenzake alikuwa Gene, kaka wa mkewe, mfupi, mcheshi, mwenye kuongea kwa wawili. Ilionekana Gene ndiye aliyemshawishi shemeji yake anunue mashua yao ndogo nyeupe, na kwamba hiyo ilikuwa mara yao ya pili kuitia majini. Mara ya kwanza ilikuwa ziwani.

Gene alimsimulia Verna, bila kuulizwa, kwamba dada yake Noreen amekwisha kusafisha friza nyumbani na kutoa nyama ya paa yote ili samoni wapate nafasi. Lyle alitabasamu, akawa anageuzageuza ndoana mikononi. Halafu akaja mezani, akainama kidogo, akasema kwa sauti ya chini ili shemeji yake asisikie.

"Mama, nimekusikia redioni. Sasa niambie mimi, kama ungekuwa unamwambia mwanao. Wapo?"

Verna alimtazama. Baadaye alikumbuka kwamba duka lilikuwa na watu watatu wengine kwenye foleni, na Curtis alikuwa amesimama mlangoni akizungumza na mteja. Alikumbuka pia kwamba angeweza kutikisa kichwa tu, asingehitaji hata kufungua mdomo.

"Boya la nje," alisema. "Huwa wanachelewa, lakini wanakuja."

"Hilo ndilo nililotaka kusikia," Lyle akasema, na uso wote ukafunguka.

Verna akamshika mkono wa koti. Akamwambia kwamba saa sita mchana iwakute ndani ya mto, wasingoje wengine, wasimwangalie Ray kwa kuwa chombo chake ni kikubwa na kinavumilia. Lyle aliitikia kila neno. Alikuwa mtu msikivu, na hilo nalo lilimuuma sana Verna baadaye, kwa sababu alikuwa amemwambia mambo mawili na Lyle aliyashika yote mawili. Kutoka boya la nje mpaka mlango wa mto ilikuwa nusu saa na zaidi kwa mashua kama ile. Mtu aliyengoja maji yasimame ili samaki wale hakuweza tena kuwa ndani kabla maji hayajageuka.

Mpaka saa sita mchana nusu ya mashua zilikuwa zimerudi. Verna aliziona kupitia dirisha la duka, na hakuhitaji kuuliza, maana watu waliopata samaki hushuka wakiwa wanaongea. Hawa walifunga kamba, wakavuta trela zao, wakaja kununua kahawa bila kuangaliana usoni. Nahodha Ray aliwashusha wageni wake, akaingia akifuta miwani.

"Kama kuna samaki kule," alisema, "basi wamejifunza kusoma kalenda." Akaegemea meza mbele ya Verna. "Upepo umeshaamka. Kuna vichwa vigumu vichache bado viko boyani. Mmoja ana mashua ndogo nyeupe, sijui ameiokota wapi. Nimewapungia mkono waje, na wao wakanipungia."

Nyuma ya meza ya duka palikuwa na redio ya vyombo, ile ambayo mashua zote husikilizana, na mji nao husikiliza. Kulikuwa na nyingine ofisini kwa Curtis, nyingine kwenye mkahawa, nyingine nyumbani kwa kila aliyewahi kumiliki mashua. Verna aliichukua akamwita Lyle kwa jina. Alimwita tena. Mara ya tatu alijibiwa, sauti ikikatikakatika kwa upepo.

"Mama, ni wewe? Tunakusikia."

"Lyle, njooni ndani. Sasa hivi. Upepo umeamka."

"Tunakuja. Gene amemwona mmoja akiruka, hapa hapa karibu. Maji ndiyo kwanza yanasimama. Ulisema wanachelewa."

Ray alikuwa akimtazama. Wale wanunuzi wa kahawa nao walikuwa wamemgeukia. Verna alibonyeza kitufe cha kuongelea, na neno lilikuwa tayari kinywani. Hakuna samaki, Lyle. Nilisema tu. Maneno machache hayo yangewang'oa kule mara moja. Lakini redio ile ilikuwa inasikika gesti, na mkahawani, na kwenye kila mashua iliyokuwa bado majini, na kesho ilikuwa Jumapili, siku ya mwisho. Kidole kikabaki kwenye kitufe. Bandari nzima ilisikia pumzi yake na mlio wa friza.

"Upepo, Lyle," akasema. "Msingoje. Upepo."

"Dakika chache tu, mama," Lyle akajibu. "Tutakuja na kitu."

Ray alivaa miwani yake, akatoka.

Zilipita dakika nyingi. Wakati mashua nyeupe inaonekana kwa mbali, maji yalikuwa yameshaanza kutoka mtoni kwa nguvu, na pale kwenye fungu mawimbi yalikuwa yanasimama wima na kuvunjika yakiwa meupe toka upande huu hadi ule. Walinzi wa pwani walikuwa wametangaza kwamba mlango umefungwa kwa vyombo vidogo, na mashua yao ya uokoaji ilikuwa ndiyo inatoka kwenda kuwazuia waliobaki nje. Verna aliacha duka wazi, akapanda juu ya ukuta wa mawe uliojengwa kuingia baharini. Watu kadhaa walikuwa wamesimama pale, na Curtis alikuwa mmoja wao.

Kulikuwa na chombo kikubwa zaidi mbele ya mashua nyeupe kilichopita salama, kikiyumba. Nadhani Lyle aliona kimepita akafikiri kwamba naye atapita kwa kukifuata, au hakusikia tangazo, au Gene alikuwa anatapika na mwenzake akamhurumia. Gene mwenyewe baadaye alieleza mara hivi, mara vile. Waliingia katikati ya fungu. Wimbi moja likawainua kutoka nyuma, likawageuza ubavu kama mtu anavyogeuza chapati, na lililofuata likawafunika. Ilikuwa haraka mno. Aliyekuwa anapangusa macho kwa ajili ya chumvi hakuona. Kilichobaki kikiyumba kwenye povu ni tumbo jeupe la mashua.

Walinzi wa pwani walimtoa Gene akiwa amening'inia kwenye kamba, mkono umevunjika, jaketi lake la kuelea limemnyanyua mpaka masikioni. Lyle alikuwa amevua lake. Lilikuwa linambana, Gene alisema, alikuwa hawezi kuzungusha mshipi vizuri. Walimtafuta mpaka giza likaingia, na asubuhi mapema mwanamke mmoja aliyekuwa akimtembeza mbwa wake akamwona ufukweni upande wa kaskazini, amelala kifudifudi kwenye mwani.

Jumapili Verna hakwenda redioni. Alikaa jikoni kwake mbele ya redio, hajawasha taa, akijua kwamba Curtis hataiacha nafasi ile tupu. Na kweli, Curtis alisoma mwenyewe. Alianza kwa pole nyingi, akaomba watu wakae kimya kidogo kwa heshima ya marehemu, na akakaa kimya. Kisha akasema bahari leo imetulia kabisa, upepo hakuna. Alipofika penye samaki alikwama. Hakuwa na la kusema, kwa hiyo akasema alilolisikia jana.

"Samaki wako penye boya la nje," Curtis alisema.

Mashua zikatoka. Siku ilikuwa ya jua, bahari laini kama mafuta. Zilirudi jioni, zote, na hakuna aliyekuwa na kitu.

Jumanne Noreen Hostetter alikuja kuchukua gari la mumewe. Lilikuwa bado kwenye uwanja wa maegesho, pikapu ya bluu na trela tupu nyuma yake, na hakuna aliyethubutu kuegesha karibu nalo. Noreen alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, ana koti la kwendea kanisani, macho makavu ya mtu aliyekwisha kulia sana. Gene alimfuata nyuma, mkono umefungwa shingoni. Walikwenda moja kwa moja dukani, na Verna alipowaona mlangoni alielewa kwamba hawakuja kumlaumu.

"Wewe ndiye Verna?" Noreen aliuliza. "Gene ameniambia ulivyowaita kwenye redio. Kwamba uliwaita zaidi ya mara moja. Nimekuja kukushukuru. Watu wengine walikuwa wanakunywa kahawa."

Verna alisema hakustahili kushukuriwa. Noreen alidhani ni unyenyekevu, akamshika mkono. Aliongea kidogo juu ya Lyle, kwamba hakuwa mtu wa kujihatarisha, kwamba alikuwa anaangalia matairi kila kabla ya safari, na kwamba watoto wa mabasi yake walikuwa wamemwandikia kadi. Kisha akauliza swali ambalo nadhani ndilo lililomtoa kwao.

"Gene anasema kulikuwa na samaki. Anasema walikuwa wanaruka. Nataka tu kujua kama ni kweli walikuwepo. Kama alikuwa, unajua, anafurahi."

Hapo Verna angeweza kusema ndiyo. Lingekuwa neno dogo, na lingemfaa yule mwanamke safari nzima ya kurudi kwao. Ray, aliyekuwepo dukani siku hiyo, aliniambia kwamba alimwomba Mungu ili Verna aseme ndiyo.

"Hawakuwepo," Verna alisema. "Mwaka huu hawakuja. Nilijua hawajaja. Nilisema wapo kwa sababu mji ulitaka niseme wapo, na mumeo aliponiuliza hapa hapa, uso kwa uso, nikamwambia wapo. Nilipomwita kwenye redio ningeweza kumwambia ukweli akaja. Sikumwambia."

Noreen aliuondoa mkono wake taratibu, kama anayeogopa kuangusha kitu.

"Nilimwona," Gene akasema. "Nilimwona akiruka. Alikuwa mkubwa, Noreen, nakuapia. Mimi ndiye niliyemwambia tungoje." Sauti ilianza kumpanda. "Huyu mama hakuwepo kule. Anajua nini? Nilimwona kwa macho yangu."

Hakuna aliyembishia. Kule penye boya sili huibuka na kuzama, ndege huchupa majini, na mtu anayetamani samaki humwona katika kila kinachorusha maji. Verna alimtazama Gene na kuelewa alichokuwa amemwondolea. Samaki yule ndiye aliyekuwa amebaki kati ya Gene na kosa lake.

"Kwa nini umeniambia?" Noreen aliuliza.

"Umeniuliza."

"Nimekuuliza habari za samaki," Noreen akasema. "Sikukuuliza habari zako."

Aligeuka akatoka. Gene naye akamfuata.

Pikapu ilikuwa imezibwa mbele na kizuizi cha saruji, kwa hiyo ilibidi irudi nyuma na trela lake, na Noreen alikuwa hajawahi kurudisha trela. Gene hakuweza kuendesha kwa mkono ule. Watu walikuwepo, Ray, mfanyakazi wa gati, Curtis kwenye ngazi za gesti, na kila mmoja wao angeweza kulitoa gari lile akiwa amefumba macho. Verna alishuka ngazi za duka akaenda mpaka kwenye dirisha la gari. Noreen alikipandisha kioo. Akarudi nyuma, trela likajikunja, akaenda mbele, akarudi tena. Trela lilikwenda upande usiotakiwa kila mara, chuma kikalia juu ya lami. Gene alisimama nyuma akielekeza kwa mkono wake mzima, akielekeza vibaya. Hakuna aliyesogea. Ilichukua muda mrefu sana. Mwisho gari likapata njia, likatoka uwanjani, likapanda barabara ya milimani na trela tupu likirukaruka nyuma yake.

Mjini hawakumsamehe Verna. Hawakumlaumu kwa kuwa alidanganya, kwa maana wote walikuwa wamekula katika uongo ule. Walimchukia kwa kuusema hadharani. Mwanasheria wa familia ya Hostetter alipiga simu mara moja na hakupiga tena, lakini hofu ilikuwa imeingia. Curtis alimwambia kwa upole kwamba redioni watamtafuta mtu mwingine, na kwamba angefanya vizuri kupumzika. Watu waliokuwa wakinunua kahawa kwake wakaanza kunywea mkahawani. Majira ya mvua yalipoanza, idara ya samaki ikatangaza kwamba mwakani hakutakuwa na msimu kabisa, hata siku moja, na Verna akafunga duka, akauza friza kwa mtu wa nyama.

Hakuondoka Port Ansel. Hakuwa na pa kwenda. Mwezi wa kumi na moja, mto ulipokuwa umejaa na kupungua tena, alianza kwenda juu, mwendo mrefu kwa gari na mwingine kwa miguu, mpaka kwenye vijito vyenye changarawe ambako samoni huzaa. Hakutumwa na mtu. Alivaa mabuti ya Arvo, akatembea kando ya maji chini ya miti inayodondosha matone, akiangalia. Katika ujana wake mahali pale mtu hakuweza kuvuka bila kukanyaga mgongo wa samaki. Harufu ya waliokufa baada ya kuzaa ilijaa bonde zima, na dubu walishiba mpaka wakawa wanakula mayai tu na kuacha mwili.

Alikwenda siku nyingi na hakuona kitu. Changarawe ilikuwa safi, maji yanapita juu yake. Kisha asubuhi moja yenye baridi kali, kwenye kona ya kijito cha tatu, akamwona jike mmoja. Alikuwa mkubwa, mkia umekwaruzika na kuwa mweupe kwa kuchimba. Alikuwa amekwisha chimba shimo lake kwenye changarawe, kubwa na zuri, akawa anasimama juu yake akipingana na mkondo, anasogea kidogo, anarudi. Verna alitafuta dume kijito kizima, juu na chini, mpaka maji yakamwingia ndani ya mabuti. Hakumwona. Jike yule alijilaza ubavu, akachapa changarawe kwa mkia mara mbili tatu, akarudi mahali pake kungoja.

Verna alikaa pale mpaka vidole vilipokufa ganzi.

Aliporudi mjini aliingia mkahawani, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na moto. Mazungumzo yalipungua alipopita. Alikaa peke yake, akaagiza supu ya chaza. Curtis alikuwa meza ya pili, na labda ni mazoea tu, au labda alitaka yaishe, akamgeukia akiwa na tabasamu lake.

"Nasikia unapanda huko juu kila siku," alisema. "Haya, tuambie. Umewaona?"

"Mmoja," Verna akasema.

Curtis alingoja aendelee. Wengine nao waliinua vichwa wakangoja, kama walivyozoea kumngojea redioni. Verna alichovya mkate wake kwenye supu akala.